Kampire na Siri ya Mzee Byiringiro

Pale Mbugangari, mtaa mmoja wa mji wa Gisenyi, kwenye baraza ya duka moja la nafaka, kuna fundi cherehani anayeitwa Kampire. Wengi humwita Mama Cyiza, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ana miaka hamsini na miwili. Alirudi Rwanda mwaka 2013 pamoja na wengine waliotolewa Karagwe, akiwa na watoto wawili, godoro moja na kichwa cha cherehani kisicho na meza. Kiswahili chake hadi leo ni cha kule Tanzania, na akiongea sokoni watu hugeuka kumtazama.

Nitaeleza jambo lililompata kanisani kwetu. Nilikuwepo siku lilipotokea, nimekaa na waimbaji, na mengine alinisimulia mwenyewe. Mwenye siri nilimwuliza mara mbili kama naweza kuiandika, akakubali.

Kampire alipofika Gisenyi aliingia kanisa fulani akasali humo miezi minne. Aliingia, aliimba, akatoka. Mwanawe mdogo alipougua, akakosa ibada tatu mfululizo, hakuna aliyejua kwamba hayupo. Aliporudi, mama aliyekaa naye benchi moja muda wote huo alimkaribisha kama mgeni. Hakwenda tena. Ndipo akaja kwetu, kwenye ibada ya Kiswahili ya saa mbili asubuhi, ile inayokusanya waliokulia Tanzania, waliokulia Kongo, na wafanyabiashara wa mpakani wenye ndugu Goma.

Kwetu nako hali haikuwa nzuri sana. Pasta Narcisse aliwahi kutuambia kwamba mwaka mmoja alipokea wageni tisini, na mwisho wa mwaka akabaki na kumi na mmoja. Kampire alimfuata baada ya ibada akamwomba amweke mlangoni, na protokole, wale wanaokaribisha watu na kuwaonyesha mahali pa kukaa.

Hakufanya mambo makubwa. Alimshika mgeni mkono, akamwuliza jina, anakaa wapi, anafanya kazi gani. Katikati ya wiki alifunga cherehani mapema akamtembelea. Hakubeba Biblia. Akikuta maharage yanachambuliwa, alivuta kigoda akachambua. Baada ya hapo alimtafutia huyo mgeni watu wawili kanisani, mmoja jirani yake na mwingine wa kazi kama yake. Fundi pikipiki aliyehamia kutoka Busasamana alikutanishwa na fundi pikipiki. Mjane aliyekuwa anavusha vitunguu kwenda Goma alipata wenzake wa kuvuka nao. Mtu akikosa Jumapili mbili, yule jirani alishajua kabla ya Pasta. Baada ya miaka mitatu tulikuwa tumeongeza mabenchi nje, chini ya turubai.

Kwa kazi hiyo Kampire alibeba siri nyingi. Kulikuwa na dada mmoja, nitamwita Ineza ingawa si jina lake, aliyeolewa katika familia ya Kiislamu. Mumewe hakuwa na neno na kanisa. Mama mkwe wake, anayekaa ng'ambo ya mpaka, hakujua kabisa, na Ineza aliomba asijue. Kampire alinyamaza.

Mzee Byiringiro alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa. Ana miaka sitini na mitatu, analima vitunguu na karoti Nyamyumba, na alikulia Masisi, upande wa Kongo; Kiswahili chake ni cha huko, kimechanganyika na Kifaransa. Selile ya Nyamyumba, yaani kikundi cha maombi cha kila Alhamisi, ilikutana sebuleni kwake, watu kumi na wanne. Tena alikuwa msomaji wetu. Kila Jumapili ya pili ya mwezi alisimama mbele, akavaa miwani, akafungua Biblia na kusoma kwa sauti nzito isiyo na haraka. Sikumbuki hata siku moja aliyokosea neno. Mkewe Dative ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Kampire. Walisukana nywele, walivaa nguo za kitambaa kimoja.

Siku moja ya mwezi wa tisa, Byiringiro alipeleka suruali ipunguzwe. Kampire alimwandikia kwenye karatasi siku ya kuichukua, Jumanne. Mzee akaja Jumamosi, suruali ikiwa haijaguswa.

"Mzee, si nilikuandikia Jumanne?"

Byiringiro alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akaigeuza. Akasema miwani yake imebaki nyumbani. Lakini miwani ilikuwa usoni kwake.

Kampire alitaka kucheka, kisha akaona karatasi imeshikwa juu chini. Mzee aliketi kwenye benchi la wateja, akasubiri hadi mama aliyekuwa ananunua mchele dukani aondoke.

"Mama Cyiza, mi sijui kusoma," alisema. "Dative ananisomea Jumamosi, mara tatu, inaingia mu kichwa. Hii miwani niliinunua tu sokoni, haina kitu. Ni Dative tu anajua. Hata batoto hawajui. Sasa na we unajua. Usiambie mutu."

"Sitamwambia mtu, mzee."

Na kwa miezi mitano hakumwambia mtu.

Wakati huohuo alikuwepo Mwalimu Gad, mstaafu kutoka upande wa Nyundo, mgane, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Kampire alijaribu kumtafutia mahali kanisani akashindwa. Wazee wenzake walikuwa wakulima, yeye hakujua jembe. Alihudhuria, alisalimia, akarudi kwenye nyumba tupu. Ijumaa moja ya mwezi wa pili alikuja pale barazani kuaga. Binti yake alitaka ahamie kwake Musanze, naye hakuona sababu ya kubaki.

"Nimekaa kanisani mwaka mzima, Mama Cyiza," alisema. "Hakuna hata mtu mmoja aliyenihitaji kwa jambo lolote."

Kampire aliniambia kwamba maneno hayo yalimpiga pale pale alipowahi kuumia yeye mwenyewe. Na jibu lilikuwa tayari kichwani mwake. Alishalifikiria majuma kadhaa. Mwalimu asiye na wanafunzi, na mzee asiyejua herufi. Alikuwa amepanga kumwuliza Byiringiro kwanza. Lakini Gad alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi, anaondoka.

"Usiende kwanza," Kampire akasema. "Yuko mtu hapa kwetu anayekuhitaji. Mtu mzima. Hajui kusoma."

"Nani?"

Kampire alishika mkasi akauweka chini.

"Byiringiro. Lakini usimwambie lolote, Mwalimu. Ngoja nizungumze naye."

"Sawa," Gad akasema, na uso wake ukawa mwingine kabisa. "Nitangoja."

Kampire alikusudia kwenda Nyamyumba kesho yake. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, bibi harusi mmoja akaja na gauni lisiloingia mabegani, na Kampire akakaa kwenye cherehani hadi giza likaingia. Akajiambia atazungumza na mzee Jumapili baada ya ibada.

Jumapili hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Goma. Tangazo la wiki iliyopita lilikuwa limesema tutasoma zaburi fulani, na Byiringiro alikuwa nayo yote kichwani. Alisimama, akavaa miwani, akafungua Biblia. Mhubiri alimsogezea kipaza sauti karibu na mdomo, akasema kwa furaha kwamba usiku Bwana amembadilishia neno. Akamfungulia sura nyingine, ndefu, iliyojaa majina ya watu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Anzia hapa, mzee."

Kampire alikuwa mlangoni. Dative alikuwa benchi la pili. Kampire aliona kitambaa cha kichwani cha Dative kikiinama, kikabaki kimeinama.

Byiringiro aliutazama ukurasa. Tukangoja. Akaanza, kwa sauti yake ileile, zaburi aliyoijua. Mistari miwili.

"Samahani, mzee," mhubiri akasema akitabasamu. "Si hapo. Hapa."

Mzee akanyamaza. Mtoto alilia nyuma, mama yake akamtoa nje. Mhubiri aligusa tena mstari. Mimi nilidhani mzee anaumwa, na jirani yangu katika kwaya alikuwa ameanza kusimama ampelekee maji.

Gad alimtangulia. Alitoka benchi la nne, akapanda, akamshika Byiringiro begani kama baba anavyomshika mtoto aliyeanguka. Naamini hadi leo kwamba alitaka kumwokoa. Aliongea kwa sauti ya chini kabisa, lakini kipaza sauti kilikuwa katikati yao.

"Tulia, mzee. Si aibu. Mama Cyiza ameniambia, tutaanza polepole, herufi kwa herufi."

Yote yakatoka kwenye spika zote mbili, ile ya ndani na ile ya chini ya turubai.

Hakuna aliyecheka. Afadhali mtu angecheka. Byiringiro alivua miwani akaiweka juu ya Biblia, akashuka, akatembea katikati ya mabenchi hadi mlangoni. Hapo akasimama mbele ya Kampire.

"Ni we?" akamwuliza.

Hakungoja jibu. Mzee akatoka, na Dative akamfuata bila kuinua macho, na nyuma yao, mmoja mmoja, wale watu wa Nyamyumba.

Jumatatu Kampire alikwenda kwa Pasta Narcisse akamweleza kila kitu, kuanzia karatasi ya suruali. Pasta alisikiliza hadi mwisho. Alitaka kwenda na wazee watatu siku hiyohiyo. Kampire akamwomba aende yeye kwanza, peke yake. Pasta akampa ile miwani.

Alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Nyamyumba, akatembea kipande cha mwisho cha mlima. Dative alifungua geti kidogo, mwili wake ukiziba nafasi iliyobaki.

"Nimeleta miwani," Kampire akasema.

Dative akaipokea.

"Dative, naomba nimwone."

"Miaka kumi na moja nimemsomea." Dative aliongea chini ili sauti isifike ndani. "Watoto wangu wenyewe hawakujua. Mwiza amepata habari kwa simu, yuko Kigali, kutoka kwa mtu wa kwaya. Baba yake hali, halali. Ungeniuliza mimi basi."

"Nilikuwa nakuja Jumamosi."

"Nenda nyumbani, Mama Cyiza."

Kampire alisimama nje ya geti lililofungwa. Miaka yote Dative alikuwa akimwita Kampire.

Alhamisi selile haikukutana. Jumapili iliyofuata benchi la watu wa Nyamyumba lilikuwa tupu, na watu waliokaa karibu nalo walisogea wakaliacha hivyo. Gad alikuwepo, amejikunja kwenye kona. Kampire alikuwa mlangoni kama kawaida, lakini niliona watu wanavyomshika mkono haraka na kuuachia.

Wiki iliyofuata alirudi Nyamyumba. Safari hii hakupitia getini. Alimwona Byiringiro kwa mbali shambani, amechuchumaa kwenye vitunguu. Akafanya alivyozoea kufanya. Alivua viatu, akaingia upande wa pili wa tuta, akachuchumaa, akaanza kung'oa magugu. Walifanya kazi hivyo hadi wakakaribiana.

"Nani alikuambia upalilie?" Byiringiro akauliza bila kumtazama.

"Hakuna, mzee."

"Ile njo kawaida yako. Unaingia mu shamba ya mutu, unashika kazi, hauulizi." Akainuka. "Unakuja mu nyumba, unachambua maharagi, mutu anafikiri unamupenda, anafungua roho. Kisha unachukua ile uliona, unapelekea mwingine. Kama nguo. Hii itamufaa fulani."

"Nilitaka akusaidie."

"Nilikuomba?"

Kampire aliacha kung'oa magugu.

"Nilikuomba kitu moja, unyamaze. Ile tu." Akaonyesha njia kwa jembe. "Toka mu shamba yangu."

Alitoka. Aliniambia alishuka mlima wote akiwa na viatu mkononi, hakukumbuka kuvivaa hadi akafika barabara ya lami. Alilolihofu zaidi lilikuwa kwamba mzee alikuwa amesema kweli. Alikuwa akiwapenda wale watu, na pia alikuwa akiwapanga.

Siku mbili baadaye Ineza alikuja barazani. Hakuketi. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwavuli mkononi, na aliangalia barabarani kabla ya kusema.

"Mama Cyiza, na ya kwangu ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Yule jirani uliyenipa, yule mama wa samaki. Anavuka Goma kila siku. Anajua?"

"Anajua unasali kwetu. Ya mama mkwe wako hajui."

"Nitajuaje?"

Kampire aliweza kuapa, lakini aliona kwamba kiapo chake siku hiyo hakina uzito.

"Huwezi kujua," akasema.

Ineza alikuwa amemwachia kitambaa cha kushona gauni. Alikiomba. Kampire akakikunja akampa. Na hakuwa wa mwisho. Wiki hiyo watu wengine wawili walikuja na swali kama hilo, mmoja akilia, mwingine akiwa na hasira. Kampire alipoketi kukumbuka siri zote alizopewa tangu aanze kazi ya mlangoni, na kwa kila moja alimtajia nani kidogo, nani zaidi kidogo, ili watu wakutane, ili wasaidiane, alikuta kwamba haikuwa mara ya kwanza. Ila zile nyingine hazikuwa zimeleta madhara.

Alirudi kwa Pasta Narcisse akamwomba ruhusa ya kusimama mbele ya kanisa na kutubu.

"Utasema nini?" Pasta akauliza.

"Kwamba nilitoa siri ya mtu."

"Siri gani? Ya nani?"

Kampire alianza kutaja jina, akakatiza.

"Waliokuwa hawapo siku ile watauliza," Pasta akasema. "Utamtoa nje mara ya pili, ili wewe upumue."

Basi akaomba aondolewe mlangoni. Pasta hakumzuia. Jumapili iliyofuata mlangoni alisimama kijana wa kwaya, na Kampire alikaa chini ya turubai na wageni, karibu na wale ambao hakuna aliyewajua.

Ziliisha wiki sita. Tulisikia kwamba watu wa Nyamyumba wanasali kwa Byiringiro kila Jumapili asubuhi, kwamba huenda likawa kanisa jipya, kwamba kuna mhubiri kutoka mjini anawatembelea. Pasta alikwenda mara mbili, akapokewa kwa heshima, akapewa kiti, hakupewa jibu. Gad alimwandikia Byiringiro barua ya kuomba radhi. Fikiria, barua. Dative aliirudisha ikiwa bado imefungwa.

Kisha Jumatano moja simu ya Kampire ililia. Ilikuwa Mwiza, binti wa Byiringiro.

"Mama Cyiza, baba anasema uje kesho saa kumi na moja jioni. Na Mwalimu Gad naye."

"Anataka nini?"

"Hakuniambia."

Walikwenda pamoja, kila mtu kwenye moto yake, hawakuongea njiani. Walipoingia sebuleni walikuta wote kumi na wanne, wameketi kuzunguka kuta. Viti viwili vilikuwa vimewekwa katikati. Gad alianza kusalimia watu kwa mkono, lakini mikono iliyomjia ilikuwa mizito, akaacha, akaketi. Dative alisimama kwenye mlango wa jikoni. Byiringiro alikuwa kwenye kiti chake, bila miwani.

"Mama Cyiza," akasema. "Sema ile ulimwambia mwalimu."

Kampire aliangalia nyuso zile. Zote alizifahamu; nusu yao ni yeye aliyewaleta kanisani.

"Siwezi, mzee."

"Sema. Wote walisikia ku spika. Wanataka kusikia ku mudomo yako."

"Siwezi."

"Mi mwenyewe niko nakupa ruhusa."

Simu ya mtu ilianza kulia mfukoni, ikalia hadi ikakatika. Kampire aliniambia kwamba alijua akisema jambo litakwisha, watainuka waende nyumbani, na pengine ndicho mzee alichokuwa anakitaka. Akatikisa kichwa.

"Si la kwangu, mzee. Halikuwa la kwangu hata siku ile. Nilikukosea. Unifukuze ukitaka, lakini sitalisema tena."

Byiringiro akaegemea mbele, viwiko juu ya magoti.

"Bon," akasema. "Mi sijui kusoma. Nilichunga ng'ombe ya baba kule Masisi, wadogo zangu wakaenda masomo. Nikawa mukubwa, nikaona haya. Nikapata bibi anajua kusoma, nikajificha nyuma yake. Nimewadanganya miaka kumi na moja, na miwani ya bure ku uso. Ile njo ya kwangu kusema, nimesema. Mwalimu hakuwa na haki, huyu mama hakuwa na haki."

Mama mmoja kwenye kona alianza kulia kimya. Mtu mwingine akasema, "Muzee, tulikuwa tunapenda tu sauti yako."

"Donc, Jumapili munarudi kanisani," Byiringiro akaendelea. "Wote. Sitaki kanisa mu nyumba yangu juu ya hasira. Mi bado. Musiniulize siku gani."

Gad alifungua mdomo.

"We mwalimu, nyamaza. Ukitaka kuja hapa Alhamisi, kuja. Lakini unyamaze kwanza."

Gad akaufunga. Byiringiro akamgeukia Kampire.

"Na we, sijakusamehe. Tukiomba hapa sitasema uongo mbele ya Mungu kwamba nimekusamehe. Lakini chai iko. Kaa unywe."

Dative alileta chai. Alipofika kwa Kampire alimpa kikombe bila kusema neno, na Kampire akakipokea kwa mikono miwili.

Katika watu kumi na wanne, kumi na wawili walirudi kwetu. Wawili walihamia kanisa lingine na hawakurudi. Kampire alikwenda Nyamyumba kila Alhamisi, akaketi karibu na mlango, akaongea alipoulizwa tu. Mwezi wa tatu wa hizo Alhamisi, Byiringiro alimwomba afunge maombi. Hakueleza kwa nini, naye hakuuliza. Wiki hiyohiyo Dative alimpigia simu kwa habari ya nywele.

Mzee mwenyewe alikaa nje ya kanisa miezi mitano. Alirudi Jumapili moja ya mvua, bila tangazo, akaketi benchi la nyuma na koti lake likidondosha maji. Hasomi tena mbele. Anawaombea wagonjwa, na watu hupanga foleni kwake. Gad hakwenda Musanze. Kama Alhamisi hao wawili hukaa na herufi baada ya wengine kuondoka, sijui. Hilo sikumwuliza.

Kampire amerudishwa mlangoni. Bado anauliza jina, mtaa na kazi, na bado anachambua maharage ya watu, lakini akitaka kumkutanisha mtu na mwingine humwuliza kwanza, "Nimtajie? Na nimwambie nini?" Wengine husema hapana. Hao hukaa peke yao muda mrefu zaidi, na baadhi huondoka kabla hajawafikia. Pasta anaona kazi imekuwa ya polepole. Kampire anakubali kwamba ni ya polepole.

Ineza bado anasali kwetu. Anaingia kwa mlango wa pembeni, anashonewa nguo na fundi mwingine. Wakikutana uani Kampire humsalimia, humtazama mtoto, husema amekua, kisha humwacha apite.